Rangi kuukuu kwenye geti, grili na vyuma vya nyumbani: fundi anajibu maswali yenu

Mwezi huu meseji nyingi zimeingia za jambo moja, rangi ya zamani kwenye chuma inatokaje, na karibu wote mnauliza dawa gani inatoa haraka. Mie naona kabla ya dawa kuna maswali mawili: hicho chuma ni chuma gani, na hiyo rangi ni ya lini. Sababu dawa inayosafisha kitanda cha chuma vizuri kabisa ndo hiyohiyo inayokula fremu ya alumini, na vumbi la rangi ya miaka hii sio sawa na vumbi la rangi iliyopakwa enzi za babu. Nimechagua maswali yanayogusa watu wengi.

*Habari za kazi fundi. Geti letu liko Tanga, nyumba haiko mbali na bahari, limepakwa rangi juu ya rangi miaka na miaka. Mwaka juzi tulilikwangua kidogo tukapaka upya, sasa hivi limetoa malengelenge, ukiyabonyeza yanapasuka na kutu inatoka ndani. Kuna fundi anasema lazima itolewe yote mpaka chuma kibaki cheupe na anataka hela nyingi. Ni kweli?*
– Mwenye Geti, Tanga

Nzuri, na pole na hilo geti. Sio lazima yote itoke. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina ubaya, tena ni tabaka la bure la kulinda chuma chako, inayotakiwa kutoka ni ile iliyoachia na ile iliyofunika kutu. Kujua ipi ni ipi, chukua kisu chenye ncha, chora mistari midogo ikatizane kama wavu mpaka ifike kwenye chuma, bandika selotepu juu yake ikandamize vizuri halafu ivute kwa mara moja. Ikitoka na vipande vya rangi, sehemu hiyo yote inabanduliwa. Ikitoka tupu, acha rangi yako hapo, piga msasa tu kuondoa mng'ao ili rangi mpya ishike. Fanya hivyo sehemu kadhaa, hasa chini karibu na ardhi, kwenye maungio ya welding na pembeni mwa bawaba, huko ndo kutu inapoanzia.

Kwenye malengelenge usipoteze hela ya dawa, hapo ni skrepa na brashi ya waya. Kama una grinda weka brashi ya waya ya kikombe, usiweke diski ya kusagia, maana skwea paipu za mageti mengi ni nyembamba, milimita moja na kitu tu, diski ikikaa sehemu moja kidogo imeshatoboa au imeacha bonde ambalo rangi haitalificha. Na angalia mzunguko ulioandikwa kwenye brashi, grinda ndogo inazunguka mpaka kama mara 11,000 kwa dakika, brashi iliyoandikwa chini ya hapo inatapika nyaya, na nyaya zile zinaingia kwenye jicho au tumboni kupitia fulana. Miwani ya kazi iliyofunika pembeni, glavu, na nguo nzito, sio vesti na kandambili.

Sasa kwanini yalirudi malengelenge wakati mlikwangua? Mimi nahisi chumvi. Upepo wa bahari unaacha chumvi juu ya chuma na ndani ya vile vitobo vya kutu, wewe ukikwangua inabaki, haionekani, unapaka rangi juu yake, chumvi inavuta unyevu kupitia kwenye rangi na chuma kinaendelea kuoza huko chini. Kwa hiyo ukimaliza kukwangua osha geti lote kwa maji safi ya bomba, sugua na brashi ya nailoni kwenye vitobo, suuza tena, kausha kwa kitambaa na liache juani mpaka likauke kabisa hata kwenye maungio. Halafu prima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ipakwe siku hiyohiyo. Chuma kilicho wazi kikilala nje usiku mmoja tu pwani, asubuhi unakikuta kina rangi ya chungwa, na hapo inabidi urudie msasa. Ndo maana kazi hii nzuri ufanye wakati wa kaskazi kukiwa kukavu, sio masika, na uanze asubuhi umande ukishakauka ili jioni isikukute bado unakwangua. Kama geti ni kubwa gawa, leo bawa moja, kesho la pili.

Kitu kimoja mafundi wengi wanakiruka: pale rangi iliyobaki inapokutana na chuma kitupu kuna ngazi, ukipitisha kidole unaisikia. Piga msasa namba 80 halafu 120 mpaka kidole kisisikie kitu. Usipofanya hivyo rangi mpya inakuwa nyembamba kwenye ile ngazi na inaanza kupasuka hapohapo.

*Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba ya zamani ya marehemu babu, grili za madirisha zina rangi nene ya kijani, chini yake njano, chini yake tena nyekundu. Mume wangu anataka aazime gesi ya fundi friji aichome, anasema inatoka kama ganda. Nina mtoto wa mwaka mmoja na mwingine yuko njiani. Nifanye nini?*
– Mama Kijacho, Dar

Marahaba mama. Mwambie shemeji asichome, na hili nakuomba ulichukulie kwa uzito. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile za njano, za machungwa na prima nyekundu za chuma, nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka, zing'ae na zizuie kutu. Marekani walipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wanashauri nchi ziweke kisheria ni sehemu 90 kwa milioni, wakati rangi za zamani zinaweza kuwa na maelfu. Huwezi kujua kwa kuangalia, kwa hiyo nyumba ya babu ichukulie kwamba inayo.

Ukiichoma kwa moto wa gesi risasi inageuka moshi ambao hauuoni vizuri, unaingia kwenye mapafu na unatua kwenye pazia, godoro na sakafu. Ukipiga msasa mkavu au grinda inakuwa vumbi laini. Mtoto anayetambaa anashika sakafu anatia mkono mdomoni, na risasi inaharibu ubongo unaokua, hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwenye damu ya mtoto. Na kwa mjamzito inapita mpaka kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo siku za kazi wewe na mtoto msiwepo kabisa, nendeni kwa bibi.

Kama rangi haijabanduka na watoto hawaifikii, chaguo bora kuliko yote ni kutoitoa. Ioshe kwa sabuni, ipigie msasa wa maji kwa upole, paka mpya juu. Kama imeachia, ilowanishe kwa chupa ya kupulizia maji na ikwangue ikiwa mbichi muda wote, unalowanisha unakwangua, unalowanisha unakwangua. Kama grili zimefungwa kwa skrubu zifungueni mkafanyie nje. Chini tandika nailoni nzito, mwisho wa siku ikunje vumbi likiwa ndani, ifunge kwenye mfuko mara mbili. Usifagie kwa ufagio mkavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji na sabuni halafu rudia na kitambaa kingine. Maganda yasibaki uani, kuku wanayadonoa, na wewe unakula mayai ya kuku hao. Wala yasichomwe na takataka. Anayefanya kazi avae barakoa ya N95 au yenye vichujio, ile ya kitambaa haizuii vumbi la aina hii, na nguo zake zifuliwe peke yake, asibebe mtoto kabla hajaoga. Kama mtoto alishakuwa anachezea maganda yale dirishani, mpeleke hospitali mweleze daktari, waulize kama wanaweza kupima risasi kwenye damu.

*Fundi nina bawaba, komeo na vitasa vya zamani vimejaa rangi. Nimeambiwa nichemshe na kostiki soda kwenye sufuria vinatoka vyeupe. Na je naweza kuitumia hiyohiyo kwenye fremu za dirisha za alumini?*
– Mpenda Vya Kale, Nairobi

Sufuria gani kaka? Kama ni hizi sufuria zetu za kawaida, ni alumini, na kostiki inakula alumini. Inachemka yenyewe, inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka ikikutana na moto, na sufuria inatoboka dawa ikamwagika miguuni. Hilo linajibu pia swali la fremu, usijaribu hata kidogo. Mabati na chochote kilichopakwa zinki nacho kinaliwa. Na ukute kitasa chako ni cha alumini au cha mchanganyiko wa zinki, vitasa vingi ni hivyo. Pitisha sumaku, inayoshika ni chuma, isiyoshika weka pembeni.

Kwa vile vya chuma kostiki ni nzuri sana, inageuza ile rangi ya mafuta kuwa kama sabuni na inateleza yenyewe. Huhitaji kuchemsha. Chukua ndoo ya plastiki ngumu, weka maji ya baridi kwanza halafu tia soda kidogokidogo ukikoroga na kijiti, gramu 50 mpaka 100 kwa lita. Ni soda kwenye maji, usije ukamwaga maji juu ya soda, inaruka usoni. Itapata joto yenyewe, ni kawaida. Tumbukiza vyuma kwa waya, funika, weka mahali mtoto wala mbuzi hafiki, acha mpaka kesho yake. Toa kwa waya huohuo, sugua na brashi, suuza kwa maji mengi, malizia na maji yenye siki kidogo, suuza tena, kausha na upake mafuta au prima hapohapo. Glavu ndefu za mpira na miwani toka unafungua pakiti. Ikiingia jichoni mwaga maji safi mfululizo dakika 20 hata kama inauma, halafu hospitali bila kusubiri uone itakuwaje. Kostiki inapofua jicho.

Kwa alumini tumia rimuva (dawa ya kutoa rangi) ya dukani iliyoandikwa kwamba inafaa alumini, ujaribu kwanza sehemu iliyojificha. Paka nene, brashi iende upande mmoja tu, usirudierudie, funika na nailoni isikauke, fanyia kivulini, ikishavimba kwangua na kitu cha plastiki. Soma kopo, ukiona dichloromethane au methylene chloride achana nayo. Ile inageuka gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni ndani ya mwili, kuna mafundi Marekani walikufa wakibandua rangi za mabafu kwenye vyumba vilivyofungwa, na mwaka 2019 serikali yao ikazuia isiuzwe kwa wateja wa kawaida. Kama fremu zilipakwa ile rangi ya unga inayookwa kiwandani, usitarajie itoke kirahisi, bora uipigie msasa uipake juu.

*Petroli inatoa rangi kwenye baiskeli?*
– Mwendesha Boda, Morogoro

Hapana. Rangi ya mafuta ikishakauka kabisa petroli haiiyeyushi, utaloweka bure. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani halafu moto unakurudia. Fremu ya baiskeli ya chuma ni msasa namba 60 halafu 120, au rimuva. Kabla ya hapo toa beringi na mnyororo, na tyubu za pale kwenye kiti na usukani zizibe na matambara.

*Assalam alaykum fundi. Mlango wetu wa zamani hapa Unguja una vichwa vya shaba, kuna mtu miaka iliyopita alipaka mlango wote rangi ya mafuta, shaba nazo. Tunataka shaba zionekane tena. Kijana wetu ana grinda.*
– Wa Mji Mkongwe

Waalaykum salaam. Grinda ibaki kwenye boksi, mlango wa namna hiyo haupatikani tena. Kama nyumba iko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia toka mwaka 2000, kaulizeni kwanza mamlaka ya hifadhi hapo, wana watu wanaoijua milango hii. Msing'oe vile vichwa kuvisafisha, mbao ya zamani inapasuka na msumari haurudi ulivyokuwa. Kostiki pia hapana, inaunguza mbao na kuigeuza nyeusi.

Pitisha sumaku kwenye kila kichwa. Kinachoshika ni chuma kilichopakwa shaba juu, hicho ukisugua sana shaba inaondoka unabaki na chuma. Kisichoshika ni shaba kweli. Chukua mfuniko wa ndoo wa plastiki, kata tundu saizi ya kichwa, uvalishe ili mbao ijifiche, paka rimuva kwa brashi ndogo, subiri, kisha kwangua na kijiti cha mianzi kilichochongwa. Kwenye pindo pale shaba inapokutana na mbao tumia mswaki wa zamani. Rangi ikishatoka ndo ukwaju au ndimu na chumvi, sugua kidogo, pangusa na maji mara moja na kausha, tindikali ikibaki pembeni inaleta ukijani. Msitie waya wa chuma wala msasa, mikwaruzo ile haitoki. Fanyeni vichwa vichache kwa siku.

*Geti langu la mabati jipya kabisa, tulipaka prima nyekundu na rangi nzuri ya bei. Mwaka haujaisha inatoka vipande vikubwa kama karatasi, chini bati linang'aa hamna hata kutu. Nimeuziwa rangi feki?*
– Mwenye Hasira, Kigamboni

Inawezekana rangi ni nzima kabisa. Hilo bati lina zinki, na prima za kawaida za mafuta zinagombana na zinki, inatengenezeka kama sabuni katikati na rangi inakosa pa kushika. Wewe una bahati maana itatoka kirahisi, tumia skrepa ya plastiki na maji, palipogoma rimuva, lakini usipige brashi ya waya wala grinda, utaondoa zinki na hapo ndo kutu itaanza kweli. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, msasa mwepesi namba 180 kwa mkono tu. Halafu nenda dukani uombe prima maalumu ya kupaka mabati yaliyopakwa zinki, iwe imeandikwa hivyo kwenye kopo, wakikupa ile nyekundu tena wakisema zote sawa, nenda duka lingine.