Mkija kuchunguza bundi theluji, anzeni na lemingi

Wengi mnaokuja mara ya kwanza kufanya kazi ya msimu kwenye Kisiwa cha Bylot, kaskazini mwa Kanada, mnafika mkiwa na hamu ya kumwona bundi. Nawasihi, theluji ikianza kuyeyuka inameni kwanza mtazame ardhi. Tafuteni mashimo, vinyesi na viota vya nyasi kavu walivyoishi lemingi chini ya theluji wakati wa baridi. Panya hawa wanene wenye mkia mfupi huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 3 hadi 5 hivi, na bundi theluji hufuata wingi wao.

Lemingi wakijaa, jike huweza kutaga mayai 9, hata 11. Wakiadimika, hatagi kabisa, nanyi mnaweza kumaliza kiangazi bila kupata kiota hata kimoja. Msivunjike moyo. Andikeni sufuri na kuiheshimu, kwa sababu bila miaka ya sufuri mzunguko wenyewe hauonekani. Bundi nao huwa wamehama tu. Majike waliofungwa vifaa vya satelaiti walikutwa wakitaga mamia ya kilomita kutoka walipotaga mwaka uliotangulia.

Mwaka wa neema, elekezeni darubini kwenye miinuko inayopigwa na upepo. Huko theluji hutoweka mapema, ardhi hukauka, na jike anayeatamia humwona mbweha angali mbali. Kiota ni kishimo tu alichokiparua. Mkiona bata bukini weupe wameatamia kwa wingi penye mwinuko wa namna hiyo, tazameni vizuri: mara nyingi hujisogeza karibu na bundi kwa sababu bundi huwafukuza mbweha.

Jike ana madoa mengi meusi. Dume ni mweupe zaidi, na ndiye anayewinda kwa ajili ya wote. Huwinda hata mchana, kwa kuwa kiangazi jua halituchwi. Msimpoteze machoni mkikaribia kiota. Hushuka kimya kutoka nyuma, na kucha zake zinaumiza kweli.

Jambo ninalotaka mlielewe kuliko yote ni umri wa makinda. Jike hutaga yai moja kila baada ya siku 2 hivi, lakini huanza kuatamia tangu la kwanza. Kila yai huchukua kama siku 32, hivyo mayai 8 huanguliwa kwa muda wa wiki 2 hivi. Katika kiota kimoja mtamkuta kinda wa jana mwenye malaika meupe akilala ubavuni mwa ndugu yake mkubwa aliyekwisha kuwa wa kijivu. Lemingi wakipungua, wadogo ndio hufa kwanza. Kwa hiyo wekeni alama kwenye mayai mapema, pimeni haraka, mwondoke. Kila dakika mliyopo, mama yuko nje na mayai yanapoa.

Wakifikisha wiki 3 hivi, makinda huondoka kwa miguu, hawajajua kuruka. Msikimbilie kuandika kwamba mbweha amewala. Zungukeni polepole mkitazama mnapokanyaga, maana rangi yao hufanana na mawe, na wazazi bado wanawalisha huko walikojificha. Mkiwa njiani, okoteni madonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi huyacheua. Kila donge liwe na mfuko wake, tarehe na mahali. Mataya yaliyomo yatawaonyesha ni lemingi wa aina gani walioliwa.