Maswali ya Wasomaji: Barua za Kabla ya Kuhama, na Folda ya Ng'ombe

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja iliyohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2019. Seva yetu ni ya Linux yenye Dovecot, programu inayohudumia barua pepe, na barua zinahifadhiwa kwa mtindo wa Maildir. Kikasha cha masjala kina barua zaidi ya elfu kumi na moja tangu mwaka 2014, nami nimepewa kazi ya kuzigawa katika folda za kila mwaka, kisha nyingine katika folda zenye namba za majalada. Nimejifunza doveadm, amri ya kuisimamia Dovecot, lakini nikiitaka initafutie barua za kabla ya mwaka 2018 kwa neno BEFORE, inaniletea sifuri, ilhali barua hizo ninaziona kwa macho yangu. Je, kosa ni langu au ni la seva? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, kosa si lako, wala seva haikudanganyi. Neno BEFORE halisomi tarehe iliyoandikwa ndani ya barua. Linasoma tarehe ya kupokelewa, na katika Maildir tarehe hiyo huchukuliwa kwenye muda wa faili lenyewe, kwa kuwa kila barua ni faili moja linalojitegemea. Ninavyoona, aliyenakili barua zenu wakati wa kuhama alitumia amri ya cp tupu, bila kuongeza -p, na hivyo kila faili likapewa muda wa siku ya kunakiliwa. Mbele ya seva, barua zenu zote za Dar es Salaam ziliwasili siku moja, kama abiria walioshushwa na basi moja.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Ingia kwenye saraka ya cur, iliyo ndani ya Maildir, andika ls -l, na utaona tarehe ya mwaka 2019 ikijirudia mstari baada ya mstari. Kisha tazama jina la faili mojawapo, ambalo litakuwa na sura kama hii:

1456818000.M20046P2137.mail:2,RS

Tarakimu kumi za mwanzo ni idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ukiandika date -d @1456818000 utajibiwa kuwa ni tarehe 1 Machi 2016, saa nne na dakika arobaini asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Jina, tofauti na muda wa faili, halibadiliki kwa kunakiliwa. Herufi za mwishoni nazo zina habari: S maana yake barua imesomwa, R imejibiwa. Karani wa zamani aliyegonga muhuri wa «imejibiwa» pembeni mwa barua angeuelewa mpango huu bila kufundishwa.

Tumia basi SENTBEFORE na SENTSINCE, ambazo husoma tarehe aliyoiandika mtumaji. Kabla ya kuhamisha chochote, fanya nakala ya akiba kwa rsync -a, ambayo hutunza muda wa mafaili, kisha hesabu kwanza:

doveadm search -u masjala mailbox INBOX SENTSINCE 2017-01-01 SENTBEFORE 2018-01-01 | wc -l

Idadi ikikuridhisha, ndipo utengeneze folda na kuhamisha:

doveadm mailbox create -u masjala -s 2017
doveadm move -u masjala 2017 mailbox INBOX SENTSINCE 2017-01-01 SENTBEFORE 2018-01-01

Angalia kwamba maneno ya kutafutia ni yale yale katika search na katika move. Usiyaandike upya, rudisha ile amri ya kuhesabia kwa mshale wa juu, ubadilishe mwanzo wake na kuondoa | wc -l ya mwishoni, maana mimi mwenyewe niliwahi kukosea tarakimu moja ya mwaka nilipokuwa nikiandika kwa mara ya pili, na nikamaliza alasiri nzima nikitenganisha barua nilizozichanganya kwa sekunde mbili.

Njia hii nayo ina tundu lake. Tarehe ya mtumaji inategemea saa ya kompyuta yake, na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kuandika tarehe ya ajabu. Anza kwa kutafuta SENTBEFORE 2000-01-01. Usishangae kukuta barua ya mwaka 1970, miaka mitatu kabla ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuyahamishia makao makuu Dodoma, ikiomba kibali cha safari ya Dodoma. Barua za namna hiyo zitengee folda yake, uzipitie moja moja kwa macho.

Kuhusu namba za majalada, ninakusihi usiziandike kama zilivyo. Namba yenye sura ya AB.12/34/01 ina nukta na ina mkwaju, na katika mpangilio wa Maildir alama moja kati ya hizo mbili ndiyo inayotenganisha folda na folda ndogo iliyo ndani yake, wakati nyingine hukataliwa kabisa; ipi ni ipi inategemea seva ilivyopangwa. Pale nukta inapotenganisha, folda uliyoiita AB.12 haitakuwa folda moja, bali itakuwa 12 iliyo ndani ya AB. Andika AB-12-34-01 kwa vistari, na ubandike karatasi ukutani mwa masjala inayoeleza kanuni hiyo, ili atakayekurithi asianze na kanuni yake.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Niko Kongwa, katika ofisi ndogo ya mambo ya mifugo, na seva ya barua ninaitunza mwenyewe. Niliandika doveadm mailbox create -u ofisi Ng'ombe, kompyuta ikanipa alama ya > na kunyamaza. Nilidhani inafanya kazi, nikaenda kunywa chai; niliporudi ilikuwa vile vile. Baadaye folda ya Mbuzi ilikubali mara moja, lakini kwenye simu haionekani. (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Marahaba. Mbuzi hana ritifaa, ng'ombe anayo, na tofauti yote iko hapo. Kwa programu inayopokea amri zako, ritifaa ni alama ya kufungua maneno yaliyonukuliwa, nayo hungoja alama ya pili ya kuyafunga. Ile > uliyoiona ilikuwa ikikuambia, «endelea, hujamaliza.» Hata ungekunywa chai birika zima, ingeendelea kungoja. Bonyeza Ctrl na C kuiacha, kisha lizungushie jina alama za kunukuu za mistari miwili:

doveadm mailbox create -u ofisi -s "Ng'ombe"

Ni jambo la kuudhi kidogo kwamba alama tunayoihitaji kuandika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa ndiyo hiyo hiyo waliyoichagua waliotengeneza programu hizi, lakini dawa yake ni rahisi, na inatibu pia majina yenye nafasi katikati, kama "Chanjo za Mbuzi".

Kuhusu simu, folda ya Mbuzi ipo, ila haijaandikishwa. Itifaki ya IMAP, ambayo simu huitumia kusoma barua zilizo kwenye seva, hutunza orodha mbili, ya folda zilizopo na ya folda ambazo mtumiaji amejiandikisha kuziona, na programu nyingi huonyesha ile ya pili tu. Ile -s niliyoiweka hapo juu hufanya yote mawili kwa pamoja. Kwa folda iliyokwisha kutengenezwa, andika doveadm mailbox subscribe -u ofisi Mbuzi, kisha uifunge programu ya simu na kuifungua tena.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma. Nimeweka mbsync, programu ya kupakua barua kwenye kompyuta, ili nisome barua zangu za Gmail bila intaneti, lakini bando la wiki limekwisha usiku mmoja. Kwa nini? (Mwanafunzi)

JIBU: Kwa sababu Gmail haina folda za kweli, bali ina lebo. Barua moja yenye lebo tatu huonekana kwa IMAP katika folda tatu, na mbsync huipakua mara tatu. Ongeza na ile folda ya [Gmail]/All Mail, ambayo ina karibu kila kitu, na picha zote za kwenye viambatisho zikaja upya. Katika faili la mipangilio la .mbsyncrc, kwenye sehemu ya Channel, weka mstari huu:

Patterns * ![Gmail]* "[Gmail]/Sent Mail"

Maana yake ni kwamba uchukue folda zote, uache zote zinazoanza na [Gmail], kisha urudishe ile ya barua ulizotuma peke yake. Kabla ya kupakua tena, andika mbsync -l na jina la Channel yako. Itakuorodheshea folda zitakazochukuliwa, haitapakua barua hata moja, na gharama yake kwa bando ni ndogo mno.