Ngao ya chuma mbele ya gari: nilizichomelea miaka 11, na sasa ninazing'oa

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ufunge ngao ya mabomba ya chuma mbele ya Prado uliyoagiza, kwa sababu unasafiri usiku mara kwa mara kati ya Tanga na Segera, unahofia ng'ombe na mbwa wanaokatiza, na tena bodaboda wa Ngamiani wamekwisha kukukwangulia bampa mara mbili. Wengi waliokutangulia kukujibu wamekushauri ufunge, tena ya bomba nene. Mimi ninakushauri usifunge. Nimekuwa fundi wa bodi hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, na katika hiyo, 11 ya mwanzo nilizichomelea ngao hizo kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo naomba univumilie nieleze kwa kirefu.

Ukivua bampa la gari la Kijapani la miaka ya karibuni, utakuta nyuma ya plastiki kuna kipande kirefu cha povu gumu, jepesi, kimelala juu ya mhimili wa chuma. Kwa miaka mingi tulikihesabu kuwa ni kifungashio tu. Gari likija limegongwa, tulinyoosha mhimili, tukapiga fila na rangi, tukarudisha plastiki, na povu likabaki uani, ambako vijana wa gereji walilikalia wakati wa chakula cha mchana. Aliyefunga ngao ndiye kabisa aliyeliona povu kuwa halina kazi, kwa kuwa mbele yake sasa kulikuwa na chuma kilichokazwa kwa bolti kwenye chesisi.

Mwaka 2014, gari nililolifunga ngao wiki tatu kabla lilimgonga mtoto wa darasa la pili kando ya Barabara ya Pangani. Dereva hakuwa anakimbia, na wote walioshuhudia walisema alikuwa amekwisha kukanyaga breki. Baada ya polisi kumaliza ukaguzi wao, mwenye gari aliniletea gari hilo nitazame kama kuna kilichopinda. Nilipitisha mkono bomba moja moja, nikalala chini nikakagua bolti na mahali nilipochomelea. Hapakuwa na kilichopinda wala kilichokwaruzika. Kisha nikachukua futi na kupima kutoka chini hadi bomba la juu, nikapata sentimita 104. Jioni ile nilimsimamisha binti yangu ukutani, maana naye alikuwa darasa la pili, nikaweka alama kwenye kipimo kile kile, na alama ikamfika kidevuni. Mtoto yule wa watu aliishi, nashukuru Mungu, lakini taya lilivunjika, na hadi leo sikio lake la kushoto halisikii. Nguvu yote ya mgongano ule, ambayo bampa na povu vingepokea sehemu yake, ilipokewa na yeye peke yake kwa sababu chuma changu kilikataa kupinda.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, na niliyoyakuta yalinisikitisha kwa kuwa yalikuwa yanajulikana siku nyingi. Gari la kawaida lenye pua likimgonga mtu mzima, humpiga kwanza mguuni, mwili unalala juu ya boneti, na kichwa kinatua kwenye boneti au kwenye kioo. Watengenezaji hulazimika kuyazingatia hayo. Ipo kanuni ya kiufundi ya dunia namba 9, iliyopitishwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2008, na ipo Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 127 iliyoifuata, ambazo zote zinahusu jinsi sehemu ya mbele ya gari inavyompokea mtembea kwa miguu. Katika vipimo vyake, kichwa cha bandia chenye uzito wa kilo 3.5 kwa mtoto na kilo 4.5 kwa mtu mzima hurushwa kwenye boneti kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa, na mguu wa bandia hugongwa kwenye bampa kwa kilomita 40 kwa saa. Kuna kiwango cha madhara ambacho gari haliruhusiwi kukivuka. Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, ilianza kudai ulinzi wa kichwa cha mtembea kwa miguu kwa magari ya abiria ya muundo mpya kuanzia 2005.

Hii ndiyo sababu boneti ya sasa ni nyembamba na ina nafasi kati yake na injini. Nafasi ile imewekwa ili bati lipate pa kubonyea kabla kichwa hakijafika kwenye chuma kigumu cha injini. Fundi anayechomelea vipande vya nondo chini ya boneti ili “isitetemeke”, au anayepandisha betri kubwa kuliko iliyokusudiwa hadi ikaribie kugusa bati, anaiondoa nafasi hiyo bila kujua. Mimi nimeyafanya yote mawili.

Kuhusu ngao zenyewe, Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo mwaka 2005 kwamba ngao yoyote ya mbele, iwe imekuja na gari au inauzwa peke yake, sharti ifaulu vipimo vya kumlinda mtembea kwa miguu, na bomba la chuma gumu halifaulu vipimo hivyo. India, nchi ambayo barabara zake zina ng'ombe wengi kuliko zetu, iliyaagiza majimbo yake mwezi Desemba 2017 yachukue hatua dhidi ya magari yaliyofungwa ngao hizo. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva ampishe mtu kwenye kivuko na asizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na magari yaliyotumika yanayoagizwa nje hukaguliwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kabla ya kuanza kutumika barabarani. Tatizo ninaloliona kwa macho yangu ni kwamba ngao hufungwa baada ya ukaguzi huo kupita.

Sasa nirudi kwa ng'ombe wako. Ng'ombe ana uzito wa mamia ya kilo, na ngao iliyokazwa kwenye chesisi haiifuti nguvu ya kumgonga. Inaipeleka kwenye chesisi, na kutoka hapo kwenu mliokaa ndani. Aidha, inaweza kuvuruga wakati ambao mifuko ya hewa inatakiwa kufunguka, kwa sababu vihisio vyake vilipangwa kwa mbele ambayo haina chuma hicho. Kitakachokuokoa ni kusimama kabla hujafika. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Kwa 50 unapita mita 14. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65. Ukipita Muheza saa mbili usiku unawafahamu watu ninaowazungumzia: wauza machungwa wanaokusanya matenga yao ukingoni mwa lami, na wenye baiskeli wasio na taa wanaorudi Pongwe. Ninawafikiria pia wa Barabara ya Pangani, ambako zamani vumbi na mashimo vilimpunguza dereva mwendo atake asitake, na lami ikiwekwa humwachia akimbize.

Pesa uliyotenga kwa ngao, anza nayo kwenye taa. Vioo vya taa za magari ya pwani hupauka na kuwa vya njano kwa jua, na vikisuguliwa na kung'arishwa utashangaa umbali utakaouona. Badilisha matairi yaliyokwisha au yaliyokauka, halafu kagua breki za nyuma, ambazo wengi huzisahau. Mikwaruzo ya bodaboda ni rangi tu, na rangi hurudishwa kwa nusu siku.

Ikiwa gari limekuja na ngao tayari, lete popote penye fundi mwaminifu aiondoe, azibe matundu ya bolti kwenye chesisi yasishike kutu, na hapo ndipo mahali pa kuwa macho. Kabla hajarudisha bampa, mwambie akuonyeshe povu. Likiwa limekatwa kuipisha ngao, au halipo kabisa, litafutwe kwa wauza vipuri vilivyotumika la muundo wa gari lako, na bampa lisifungwe hadi lipatikane.