Maswali na Majibu: Je, a-b-c-d na alifu-be-te zina asili moja?

Swali: Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na jioni husaidia katika madrasa ya mtaani kwetu. Mwanafunzi mmoja anayesoma kote kuwili aliniuliza kwa nini k, l, m, n za shuleni zinafuatana sawasawa na kafu, lamu, mimu, nuni za madrasa. Nilimwambia kwamba huenda Wazungu walizichukua kwa Waarabu. Je, ni kweli? Na kama asili ni moja, kwa nini upande mmoja una herufi za irabu na mwingine unatumia fat-ha, kasra na dhuma, yaani alama za a, i na u, jambo linalotutaabisha tunaposoma tenzi za kale?

Jibu: Mwanafunzi wako ameona jambo la kweli, Mwalimu, ila jibu ulilompa linahitaji kurekebishwa. Herufi za Kilatini hazikutoka katika za Kiarabu, wala za Kiarabu hazikutoka katika za Kilatini. Zote ni wajukuu wa alfabeti ya Wafoinike, wakazi wa miji ya pwani ya Lebanoni ya leo, ambao kufikia karibu mwaka 1000 KK walikuwa wakiandika kwa herufi 22, kutoka kulia kwenda kushoto, na zote 22 zikiwa konsonanti. Tawi moja lilipita kwa Wagiriki, likaingia Italia kwa Waetruski, kisha likawafikia Warumi. Tawi la pili lilipita kwa Waaramu, halafu kwa Wanabatea waliojenga Petra, na mwandiko wao ndio uliozaa ule wa Kiarabu.

Chimbuko lenyewe liko nyuma zaidi. Mwaka 1905 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alikuta huko Serabit el-Khadim, kwenye machimbo ya feruzi ya Wamisri katika rasi ya Sinai, maandishi mafupi ambayo alama zake zilifanana na picha za Kimisri lakini hayakusomeka kwa Kimisri. Mwaka 1916 Alan Gardiner, mtaalamu wa maandishi ya Kimisri, alichukua kundi la alama lililojirudia mara nyingi, lenye nyumba, jicho, fimbo ya mchungaji na msalaba, akazipa majina ya vitu hivyo katika lugha za Kisemiti, kisha akabakiza sauti ya kwanza tu ya kila jina: b ya nyumba, aini (konsonanti ya kooni) ya jicho, l ya fimbo, t ya msalaba. Likatoka neno Baalat, yaani Bibi, jina la heshima la mungu wa kike. Kanuni yote ya alfabeti imo humo. Wamisri walikuwa na alama za konsonanti mojamoja tangu zamani, ila hawakuwahi kuziacha zisimame peke yake bila mamia ya alama nyingine.

Kuhusu mpangilio, ushahidi ulio wazi ni vigae vya udongo vya Ugarit, nchini Syria, vya karibu karne ya 13 KK, ambavyo vimeorodhesha herufi kwa mfuatano unaotambulika hadi leo. Ushahidi mwingine unaweza kuuonyesha darasani. Waarabu na Wagiriki walitumia herufi zao kama tarakimu, na hesabu hiyo ya abjadi hufuata mpangilio wa kale, si ule wa alifu-be-te. Katika abjadi kafu ni 20, lamu 30, mimu 40 na nuni 50. Katika Kigiriki kapa ni 20, lambda 30, mu 40 na nu 50. Mpangilio wa madrasa ulikuja baadaye, walimu walipoziweka pamoja herufi zinazofanana umbo na kutofautiana nukta, kama be, te na the, au jimu na wenzake wawili. Kafu, lamu, mimu na nuni hazikuwa na mapacha wa kuzitenganisha, kwa hiyo zilibaki palepale, na ndizo alizoziona mwanafunzi wako.

Atakuuliza pia kwa nini herufi ya tatu kwetu ni c ilhali katika abjadi ni jimu. Herufi ya tatu ya Wafoinike ilikuwa na sauti ya g, na Wagiriki wakaiita gama. Waetruski hawakutofautisha g na k, wakaitamka k, na Warumi wakaipokea hivyo ikiwa na umbo la C. Katika karne ya 3 KK Warumi wakaongeza kijistari kwenye C kupata G, wakaiweka nafasi ya saba iliyoachwa na Z, ambayo hawakuihitaji wakati huo. Z iliporudi kwa ajili ya maneno ya Kigiriki ilipangwa mwisho, na huko ndiko iliko.

Sasa irabu, ambazo ndizo kiini cha swali lako. Katika lugha za Kisemiti maana ya msingi hubebwa na konsonanti: kitabu, katibu na maktaba, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yote yana k, t na b. Msomaji anayeijua lugha hujaza irabu mwenyewe. Kigiriki hakina muundo huo. Isitoshe, Wagiriki hawakuwa na baadhi ya sauti za kooni za Wafoinike, kwa hiyo herufi zake zilikuwa hazina kazi kwao. Alifu, iliyokuwa konsonanti ya kooni, ikawa A; he ikawa E; ye ikawa I; aini ikawa O, na duara lake bado ni lile jicho la Sinai. Hatua hiyo ya karibu karne ya 8 KK ndiyo ninayoihesabu kubwa kuliko zote baada ya Sinai.

Kiswahili nacho ni lugha ya Kibantu, ambayo irabu zake haziwezi kukisiwa kwa konsonanti. Waandishi wetu wa pwani walilielewa hilo, ndiyo maana hati za Kiswahili kwa kawaida hutiwa irabu kikamilifu. Taabu ni kwamba alama ni tatu na irabu zetu ni tano, tena Kiarabu hakina p. Ukikuta te yenye dhuma na be yenye dhuma, unaweza kusoma tubu, tupu au tobo. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alipendekeza alama za ziada kwa e na o, lakini hati nyingi za zamani hazina, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia ya Kilatini.

Unaposoma utenzi wa namna hiyo, anzia kwenye vina. Vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti huwa na kina kimoja, kwa hiyo tafuta lile neno lisilo na utata: kipande kimojawapo kikiishia na sababu, lile neno lako ni tubu.