Re: Lithiamu na serotonini, naomba ufafanuzi

Dada, umeuliza kama lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, anayotumia mdogo wako huko Masasi inaongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na kama mnaweza kumpa fluoksetini, dawa ya sonona, iliyobaki nyumbani. Serotonini imo, ila ni sehemu tu ya kazi yake. Lithiamu huimarisha mawasiliano ya serotonini kwenye ubongo, na huzuia vimeng'enya fulani ndani ya seli. Fluoksetini msimwongezee wenyewe, tafadhali! Inaweza kumpandisha hisia na nguvu kupita kiasi (mania), na serotonini ikizidi mtu hutetemeka, jasho likamtoka na moyo kwenda mbio.

Mimi nahofia zaidi msimu huu wa korosho. Akiokota juani bila kunywa maji, lithiamu hupanda kwenye damu. Hata diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, huipandisha. Akianza kutapika, kuhara au kuyumba, hospitali siku hiyohiyo.