Sikudunda, nilitambaa

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni neno gani la Kiingereza la kuinuka baada ya pigo tunalipenda kuliko yote. Mi nitajibu lile nisilolipenda, manake ndo lililonikaa kooni miaka yote hii: "bounce back". Kudunda. Mtu kaanguka, kazi imeenda, usingizi hamna, halafu unamwambia adunde kama mpira!

Nilikaa bila kazi miezi 11. Siku nikaitwa kwenye intavyuu, watu watatu mezani, mama wa katikati anabonyezabonyeza kalamu, tik tik tik, akaniuliza lini nilipata pigo na "how did you bounce back". Swali nilikuwa nalijua, kila aliyewahi kuomba kazi analijua, na jibu nilishalikariri mbele ya kioo. Ila lile neno likanivuruga, nikaona mpira, mpira kabisa, unadunda pale mezani katikati ya glasi za maji, nikakumbuka na zile asubuhi nilizokuwa navaa shati la kazini halafu nakaa nalo kitandani mpaka jioni, simu nimeilaza kifudifudi nisione nani kapata kazi. Nikasema, "I didn't bounce. I crawled." Sikudunda, nilitambaa. Kalamu ikanyamaza. Nikaendelea, sijui nani alinituma, nikaeleza shati, nikaeleza simu, nikaeleza hadi siku niliyomtumia mtu mmoja sivii ileile mara mbili kwa kusahau, na yule kijana wa pembeni keshaanza kuchungulia saa. Nilipomaliza mama akaitikia kwa kichwa, akaandika, huku anajisomea kwa sauti ya chini: "So, you bounced back."

Kazi yenyewe sikupata.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuyachokonoa haya maneno. "Recover" na "recuperate" ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye Kilatini recuperare, kukipata tena kilichokutoka. "Rally" imetoka kwa Wafaransa, kuwakusanya tena waliotawanyika, ndo mana inawakaa vizuri askari (na mimi naielewa, kuna siku nilijikusanya hivyo hivyo, mguu huku akili kule). "Back on your feet" sina ugomvi nayo, hata sisi tunasema kusimama tena. Moyo wangu uko kwa "on the mend", kwa sababu "mend" ni kushona palipochanika, na nguo iliyoshonwa mshono unaonekana. Inayonichekesha ni "resilience". Kwenye semina tunaitafsiri ustahimilivu, unamwona mtu ametulia tuli anavumilia, kumbe Kilatini chake ni resilire, kuruka kurudi nyuma. Yaani ni mpira uleule, safari hii umevaa tai!

Sasa hapa nilitaka nimalize kwa kuipigia kura "on the mend", ila huku naandika nimeanza kuufikiria huo mpira. Mpira ukiuachia kutoka begani haurudi begani. Utafika kiunoni, halafu gotini, halafu kwenye kifundo, kila ukigonga sakafu nguvu nyingine inaishia humo kwa joto na kelele, mwisho unatetemeka unatulia. Na mimi nilirudi hivyo hivyo. Kazi niliyokuja kupata ilikuwa chini ya ile ya kwanza, na ile pumzi ya zamani sijaiona tena. Kwa hiyo inawezekana yule mama hakukosea, ingawa sidhani kama alikuwa anawaza habari za sakafu.

Haya, andikeni kura yangu kwa "bounce back", lakini kwa masharti. Aseme aliyeanguka mwenyewe, tena akishainuka. Aliye bado chini mpeni pole basi, japo kwa Kiingereza sijaona mwenzake, ukimwambia mtu "sorry" inakuwa kama wewe ndo ulimsukuma.