Ukimpeleka mzee kliniki, beba mfuko mzima wa dawa

Mama yangu ana presha, ana sukari, na magoti yanamsumbua. Presha ina kliniki yake, sukari ina siku yake nyingine, magoti yanatibiwa duka la dawa la mtaani. Kila mmoja anampa vidonge vyake bila kujua mwenzake katoa nini. Wazee wengi ninaowajua hapa Tanga wanaishi hivyo hivyo.

Kwa hiyo siku ya kliniki usibebe daftari tu. Beba kila anachomeza: dawa za hospitali, za dukani, alizoletewa na wifi yake kutoka Muscat, mwarobaini wa kwenye chupa, na ule unga wa mizizi ambao hataki usemwe mbele ya daktari. Vimwage mezani, uliza kimoja kimoja: hiki cha nini, na bado anakihitaji?

Sisi tulipofanya hivyo, mengi yalijulikana. Miguu ya mama ilikuwa ikivimba, akaandikiwa furosemidi ya kutoa maji. Kumbe amlodipini, kidonge chake cha presha, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Yaani dawa ilikuwa inatibu dawa. Furosemidi nayo ikawa inamwamsha usiku kwenda chooni, na choo kiko uani. Mzee akiinuka ghafla presha inaweza kushuka, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Nyonga ikivunjika katika umri ule, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Daktari akambadilishia dawa ya presha, uvimbe ukaisha, furosemidi ikaondolewa.

Ya magoti ilikuwa daiklofenaki, inayouzwa kama pipi. Kwa mzee mwenye presha huipandisha, na figo zinaweza kuumia. Siku hizi anaanza na parasetamoli, na bila kuzidisha kipimo.

Hili si la nyumbani kwetu tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya usalama wa dawa, na mgonjwa mmoja kutumia dawa nyingi ni kati ya mambo matatu iliyoyapa kipaumbele. Kwetu Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Nalishukuru. Ila dirisha linafupisha foleni tu. Ukifika ndani dakika za daktari ni zilezile chache, kwa hiyo ingia na maswali yako tayari.

Tafadhali usimwachishe mzee dawa kwa kusoma haya. Nyingine zikikatwa ghafla ni hatari kuliko kuendelea nazo.

Na kabla hamjaondoka, omba apimwe presha akiwa amekaa, kisha asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, rudini kwa daktari palepale.